Usiilaumu Paipu Bure

Wapenzi wa kompyuta, leo nina neno na wale wanaoilaumu paipu kila programu mbili zinaposhindwa kuongea. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Nilikuwa na programu mbili. Ya kwanza, ya Python, inauliza swali kwa mstari mmoja. Ya pili, ya C, inalisoma kwa fgets na kujibu kwa printf. Nikiendesha ya C peke yake kwenye terminali, inajibu papo hapo. Nikiziunganisha kwa paipu, kimya! Hakuna jibu, hakuna ujumbe wa kosa. Usiku mzima nilibadilisha kodi, nikatia sleep huku na kule. Wapi!

Kumbe jibu halikuwa limefika kwenye paipu kabisa. Printf huweka maneno kwenye bafa kwanza. Ikiwa inaandikia terminali, bafa humwagwa kila mstari unapoisha. Ikiwa ni paipu, husubiri ijae, na kwenye Linux hiyo kwa kawaida ni baiti 4096. Jibu langu, "SAWA" na alama ya kumaliza mstari, ni baiti 5 tu! Basi C ikangoja swali la pili, Python ikangoja jibu la kwanza, kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie.

Dawa yake? fflush(stdout) baada ya kila jibu. Upande wa Python nilikuwa nimekumbuka flush(), upande wa C nikasahau.

Maoni yangu ni haya: kabla hujagusa kodi, tazama kwanza. Endesha strace -p kwa kila programu. Zote mbili zikiwa zimekwama kwenye read, tafuta bafa isiyomwagwa, au mdomo wa kuandikia ambao hukuufunga. Moja ikikwama kwenye write, paipu imejaa (kwenye Linux hubeba baiti 65536 usipoibadilisha) na mwenzake hasomi.

Wako watakaokushauri uhamie soketi. Sawa, lakini ukiendelea kuandika kwa njia ya printf, bafa itakufuata huko huko.

Paipu zimo ndani ya Unix tangu 1973. Mambo yakikwama, anza kujishuku wewe mwenyewe. Utalala mapema.