Turudishieni gemu za kila mwaka

Semeni mtakavyo, mimi nazimisi zile enzi gemu moja ikizaa nyingine kabla hujamaliza ya kwanza. GTA III 2001, Vice City 2002, San Andreas 2004. Halafu angalia sasa: GTA V ilitoka 2013, ya sita ikaahidiwa 2025, ikasogezwa Mei 2026, ikasogezwa tena Novemba. Mdogo wangu alizaliwa mwaka wa GTA V. Sauti ishakuwa nzito, aanza kuulizia wembe.

Najua mtaniambia zilikuwa zilezile, jezi tu ndizo zilizobadilika. Sawa, kwani? Sisi wa Wiyoni hatukununua mpya hata siku moja. Tulikula kwa mgongo wa mpya! Ikitoka PES nyingine, mwenye pesa Nairobi au Mombasa auza ya zamani bei ya kutupa, na hiyo ndiyo ivukayo kutoka Mokowe mpaka kwetu. San Andreas naipata mimi ishazeeka, na wala sikujua kama imezeeka. PS2 yenyewe ilitoka 2000, na bado 2013 Konami wakaitolea PES 2014. Miaka 13, wazee!

Na ilikuwa diski. Waazima, warudisha, wagombana. Mechi shilingi kadhaa, aliyefungwa ampisha mwenzake. Hakuna akaunti, hakuna paswadi.

Sasa tuna eFootball, tangu 2021, "bure". Bure gani hii yala bando kila ikijisasisha? Na kila ikisasishwa, ile uliyoizoea yaenda zake. PES 2014 ukiitia kwenye PS2 leo yawaka. eFootball ile ya 2021 hata ulie, hairudi.

Kuna hoja moja naikubali: zile kasi ziliwachosha sana waundaji, watu walilala ofisini. Lakini dawa si kutengeneza gemu moja kubwa kwa miaka 12. Waangalieni wale wa Like a Dragon kule Japani. Januari 2024 walitupeleka Hawaii, Februari 2025 wakairudia Hawaii ileile wakaitia maharamia na majahazi. Ramani ya zamani, hadithi mpya, na watu wakacheza.

Mwenye PES 2014 ya PS2 isiyokwaruzika aje inbox. Nalipa.