Ada ya Mwanafunzi wa Uvuvi na Njia ya Halali

 

Wasomaji wetu watukufu, juma hili tumeletewa swali kutoka Lindi. Si Lindi ya kusini mwa Tanzania, bali Lindi ya Kibera, Nairobi. Mama mmoja anasema binti yake amepata nafasi ya chuo kikuu kusomea baiolojia ya samaki na uvuvi. Ada hawana, na baba ameukataa mkopo wa serikali kwa kuwa una riba. Majirani nao wanacheka: mtoto wa Kibera na samaki, wapi na wapi? Anauliza, je, binti aiache nafasi?

Tuanze na la majirani. Mama wa Kibera anayekaanga mgongo wazi au kupima omena kwa kikopo anaishi kwa samaki sawa na mvuvi wa Lamu. Uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Miezi hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ni kazi ya watu waliopasua samaki, wakatazama mayai, wakapima urefu na kuhesabu umri. Suratun-Nahl, aya ya 14, inatukumbusha neema ya bahari na chakula kitokacho humo. Kuilinda neema hiyo kunahitaji wajuzi, na elimu ambayo umma hauwezi kuishi bila ya hiyo wanazuoni wameihesabu kuwa ni fardhi ya kutoshelezana. Elimu hii husomeshwa Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na Chuo Kikuu cha Eldoret, na Mombasa ndiko yaliko makao ya taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi. Binti huyu hakukosea kuchagua.

Sasa tuje kwenye fedha. Fedha za masomo ni za namna tatu, na wazazi wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni ile isiyorejeshwa. Tangu mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilianza kuwapangia wanafunzi wa vyuo vikuu ufadhili na mkopo kwa kadiri ya uhitaji wa familia. Ufadhili haulipwi, mkopo hulipwa. Mzazi asome kila ukurasa wa fomu na ajue anatia saini kwenye lipi. Iko pia basari ya mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na Lindi imo katika eneo bunge la Kibra. Fomu zijazwe kwa ukweli, maana kupunguza kipato kwenye karatasi ni uongo na ni kumnyang'anya yatima haki yake.

Ya pili ni karadha njema, yaani mkopo usio na riba. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ilianzisha mwaka 1983 mpango wa kuwasomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama, na Kenya ni mojawapo. Kijana husoma, kisha akipata kazi hurejesha kile alichopewa, bila ya ziada, kwenye mfuko wa jamii yake ili asomeshwe mwingine. Mpango huo ulizipa mbele fani kama tiba na uhandisi, kwa hiyo kabla ya kuomba ulizeni kama uvuvi unakubaliwa.

Ya tatu ni mkopo wa bodi ya serikali, wenye riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Riba haigeuki halali kwa udogo wake, na baba aliyesita amefanya hivyo kwa imani, asibezwe. Lakini kusema hapana hakumalizi wajibu wake. Aliyeufunga mlango mmoja ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kubisha milango mingine. Kama yote imefungwa, suala la dharura liamuliwe na mwanachuoni anayeijua hali ya nyumba hiyo, wala si kwa fatwa za barazani. Na viongozi wetu waelezwe, kwani Tanzania mwaka 2021 iliiondoa tozo ya asilimia 6 iliyokuwa juu ya mikopo ya wanafunzi. Linalowezekana kwa jirani huweza kuombwa na kwetu.

Upo pia mlango wa zaka. Imamu An-Nawawi, katika Al-Majmuu, amesema kuwa mwenye kuweza kuchuma, lakini kuchuma kungemkatiza kutafuta elimu ya sheria, ni halali kupewa zaka. Wanazuoni wa zama zetu wapo walioliendeleza hilo kwa mwanafunzi fakiri wa elimu yenye manufaa. Basi kamati za misikiti, msingoje Ramadhani kuulizana nani anasoma na nani amekwama.

Kwa mama wa Lindi jibu letu ni kuwa nafasi isiachwe. Binti akiandikie chuo barua ya kuomba kuahirisha kujiunga ikiwa muda umebana, na wakati huo milango ibishwe. Shahada ya kwanza ndiyo kizingiti kigumu. Akishakivuka na kupata kazi katika fani hiyo, kuna mafunzo ya uvuvi ya miezi sita nchini Iceland, yaliyoanza mwaka 1998 na kugharimiwa na nchi hiyo, na iko jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Zanzibar, WIOMSA, inayofadhili tafiti.

Nasi tulio pwani tujiulize. Tuna wakfu wa visima na wa misikiti, na Mwenyezi Mungu awalipe walioziweka. Wakfu wa kuwasomesha watoto elimu ya bahari iliyotulea uko wapi? Mwenye jahazi akitoa pato la siku moja kwa mwezi, na mwenye harusi akapunguza usiku mmoja wa shamrashamra, ada ya mtoto mmoja itapatikana. Tuanze na mtoto mmoja.