Kufaulu si Kuchaguliwa

Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotoka, swali moja huzunguka mjini Lubumbashi mpaka linafika hapa kitivoni: je, kijana aliyepata asilimia nzuri anaweza kuingia chuo kikuu kikubwa cha Marekani? Sisi wanafunzi wa lugha tunaulizwa kuliko wengine, kwa sababu tunajua Kiingereza kidogo na ndio tunaowatafsiria wadogo zetu hati zao. «Yaya, niko na shansi ngapi?» Anayeuliza hachezi. Nyuma yake kuna baba anayehesabu franka, na kuna mwaka mzima wa masomo unaoweza kupotea. Kwa maoni yangu, tunamjibu vibaya, tena kwa namna mbili. Wengine wanamwambia ajaribu tu, Mungu ni mwema. Wengine wanamtajia asilimia 3 na kumwambia aache ndoto. Wote wamechanganya vitenzi viwili ambavyo Kiswahili kimevitenga vizuri: kufaulu na kuchaguliwa.

Tuanze na kufaulu, maana ndiko tulikolelewa. Katika Mtihani wa Serikali kuna mstari, nao ni asilimia 50. Anayeufikia amefaulu. Hata wakifaulu maelfu siku hiyo hiyo, hakuna anayemnyima mwenzake chochote. Ukishakuwa na diploma ya Serikali, milango mingi ya vyuo vikuu vya umma iko wazi. Mchujo mkali unakuja baadaye, ndani, katika mwaka wa kwanza, ambapo ukumbi uliojaa mwezi wa kwanza unabaki na viti vitupu mwisho wa mwaka. Kwetu basi alama inasema yote: umefika au hujafika.

Chuo kama Harvard kinafanya mchujo mlangoni, na pale mlangoni hakuna mstari. Mwezi Machi 2024 Harvard ilitangaza kwamba kati ya maombi 54,008 imekubali watu 1,937, yaani mtu 1 kwa kila 28 hivi. Wengi mno kati ya waliokataliwa walikuwa na alama nzuri za kutosha kusoma na kumaliza pale. Hawakuanguka mtihani wowote. Hawakuchaguliwa tu.

Hapo sarufi inatusaidia. Kuchaguliwa ni kauli ya kutendwa. Mtenda hayupo katika kitenzi, mpaka umlete kwa neno «na»: kuchaguliwa na nani? Na ukishauliza hivyo, unaona kwamba tendo ni la mwingine, lenye haja zake mwenyewe. Kamati ya chuo haipangi vijana wa dunia kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Inaunda darasa. Inataka wanahisabati, wapiga violini, wapiga makasia, watu wa majimbo yote ya nchi yake na baadhi kutoka nje. Mwaka mmoja inahitaji hiki, mwaka mwingine kile. Mwombaji hawezi kuzijua haja hizo, wala jirani yake hawezi.

Baadhi ya haja hizo zimewahi kuonekana mchana. Mwaka 2014 shirika la Students for Fair Admissions liliishtaki Harvard, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, iliyotoa hukumu tarehe 29 Juni 2023. Ubishi ulikuwa juu ya rangi ya waombaji. Lakini takwimu zilizotolewa katika kesi zilionyesha jambo jingine pia: katika miaka iliyochunguzwa, watoto wa waliosoma Harvard walikubaliwa kwa kiwango cha takriban 1 kati ya 3, huku waombaji wengine wakikubaliwa kwa kiwango cha takriban 6 kati ya 100. Wanamichezo walioitwa na makocha nao walikuwa na njia yao. Sasa chukua ile asilimia ya jumla, toa nafasi za watu hao, halafu uniambie imebaki ngapi kwa msichana wa Likasi ambaye hakuna yeyote wa ukoo wake aliyekanyaga Boston. Si vyuo vyote vinavyofanya hivyo: MIT haitazami kama mzazi wako alisoma pale. Lakini hata MIT idadi ya wageni ina kikomo, na kiwango chao cha kukubaliwa kiko chini kuliko cha Wamarekani.

Kwa hiyo ile asilimia inayotangazwa si ya mtu yeyote. Ni hesabu ya umati. Kumwambia kijana «una asilimia 3» ni sawa na kumpima nguo kwa kutumia wastani wa mji mzima.

Wapo pia wanaofanya hesabu ya kujifariji. Wanasema: nikiomba vyuo 8, kila kimoja kikiwa na nafasi 4 kwa 100, nafasi ya kupata angalau kimoja inafika karibu 28 kwa 100. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama kila ombi lingekuwa jambo la pekee. Lakini dosiye ni ile ile, barua za walimu ni zile zile, insha ni ile ile iliyobadilishwa jina la chuo. Kilichoikwamisha katika chuo cha kwanza kinaweza kuikwamisha katika cha nane.

Je, tukae kimya basi? Hapana. Nafasi ya kuchaguliwa haipimiki, lakini kuna mambo yanayojulikana, na hayo ndiyo ya kumwambia mdogo wetu.

La kwanza ni fedha. Vyuo vichache vya Marekani, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, vinasema havitazami hali ya mfuko wa mwombaji wakati wa kuamua, hata akiwa mgeni, na vinaahidi kumsaidia kwa kadiri ya shida yake. Vingine vingi, Stanford kikiwemo, vinaangalia kama mgeni ameomba msaada wa fedha, na jambo hilo linaweza kuingia katika uamuzi. Kwa mtoto wa mwalimu wa Katanga, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya majina ya vyuo. Ada ya maombi nayo, ambayo mara nyingi inakaribia dola 80 au 90, inaweza kusamehewa ukieleza hali yako. Wengi wetu hawajui hilo, wanajiondoa kabla ya kuuliza.

La pili ni mtihani. MIT ilirudisha sharti la SAT mwaka 2022, na Harvard ikatangaza kulirudisha mwezi Aprili 2024. Asiye na njia ya kufanya mtihani huo, kwa sababu ya safari au gharama, ajue mapema wapi unadaiwa na wapi haudaiwi, badala ya kusubiri jibu la dosiye isiyokamilika.

La tatu linatuhusu sisi wa kitivo hiki moja kwa moja: alama zetu hazisemi kitu kile kile zikivuka bahari. Mwaka uliopita binamu yangu mdogo alimaliza sekondari na asilimia 78. Nyumbani ilichinjwa kuku. Kwetu hiyo ni «distinction», na darasani kwake hakuna aliyemfikia. Akaiingiza namba hiyo katika jedwali la kubadili alama alilolikuta kwenye intaneti, ikatoka C, alama ya mwanafunzi wa kawaida sana. Akafunga simu, akasema Marekani si ya watu kama yeye. Kamati haikumkataa, kwa sababu haikupata hata ukurasa mmoja kutoka kwake. Aliyemkataa ni tafsiri mbaya. Namba 78 ilihamishwa bila muktadha wake, kama neno linalotafsiriwa na mtu asiyejua lugha ya pili. Ukurasa mmoja wa maelezo ungetosha: kwamba hapa kufaulu ni 50, kwamba «distinction» inaanzia 70, kwamba asilimia 80 ni nadra, na kwamba yeye alikuwa wa kwanza kati ya wangapi.

Barua za walimu ni hivyo hivyo. Bwana prefe wetu akiombwa barua, anaandika mistari minne: mwanafunzi huyu alisoma hapa kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani, alikuwa na nidhamu na bidii, barua hii inatolewa kwa manufaa yanayostahili. Kwetu ni barua nzuri yenye heshima, na muhuri wake unaonekana vizuri. Kwa msomaji wa kule haijasema lolote. Yeye anangoja hadithi ya mtu mmoja: aliuliza swali gani darasani, alifanya nini umeme ulipokatika, aliwasaidia nani. Tofauti iko katika aina ya andiko, wala si katika ubora wa mtoto. Na kutofautisha aina za maandiko ndiyo kazi tunayofundishwa hapa kila siku.

Ndiyo maana inaniuma kuona kazi hiyo imeachiwa wafanyabiashara. Mjini kuna ofisi zinazochukua fedha kwa ahadi ya «kukuza shansi» ya mtoto. Mzazi mmoja ninayemfahamu alilipa, akapewa barua iliyonakiliwa, yenye jina la mtoto mwingine katika mstari wa tatu. Anayekuuzia nafasi ya kuchaguliwa anakuuzia kitu asichokuwa nacho, maana mchaguaji ni mwingine.

Napendekeza basi jambo dogo. Kitivo chetu kifungue meza, alasiri moja kwa juma, ambapo wanafunzi wa miaka ya mwisho watasaidia kutafsiri buletini, kuandika ukurasa wa maelezo ya alama zetu, na kuzungumza na walimu wa sekondari juu ya barua. Haitaji bajeti kubwa: inahitaji kamusi, kompyuta moja na profesa wa kusahihisha. Meza hiyo isitabiri chochote. Isimwambie mtu atapita au hatapita. Imwambie tu yale yanayojulikana, na imsaidie kupeleka dosiye inayosomeka.

Na imkumbushe mambo mawili zaidi. Kukubaliwa na chuo si kupewa viza: ubalozi nao unaamua kwa masharti yake, na mwombaji anatakiwa kuonyesha kwamba ana sababu za kurudi nyumbani. Pia, ajiandikishe hapa wakati anasubiri. Kuacha mwaka upite kwa ajili ya uamuzi wa watu wasiomjua ni gharama ambayo haina sababu.

Akituuliza tena ana shansi ngapi, tumjibu hivi: umeshafaulu, na hilo hakuna kamati itakayokunyang'anya. Kuchaguliwa ni kazi yao. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba watakaposema hapana, wawe wamekusoma.