MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Mwaka huu mashairi nimewaachia wenyewe, nikaonelea niandike juu ya kompyuta. Najua wapo watakaouliza, "Kwani jarida la Kiswahili limeingiaje maabara ya kompyuta?" Tulieni, jamani. Mashairi ya chama chetu, maswali ya mazoezi ya walimu na alama zetu zote zinakaa ndani ya ile seva iliyoko pembeni mwa maabara. Ikifa hiyo, nasi tumekwisha.

Maoni yangu ni haya: programu zinazoendesha seva ya shule zisiwekwe wala kusasishwa tena kwa kumimina mafaili mapya juu ya yale ya zamani. Ziwekwe kwa njia ya udhibiti wa matoleo, ili kila badiliko liwe na tarehe yake, jina la aliyelifanya na sababu ya kulifanya.

Udhibiti wa matoleo ni nini? Hebu tuangalie stoo ya shule. Gunia la maharagwe haliingii mle bila kuandikwa kwenye leja, na halitoki bila mtu kutia sahihi. Likikosekana, leja inafunguliwa na ukweli unajulikana. Basi udhibiti wa matoleo ni leja ya mafaili ya kompyuta. Unaonyesha mstari gani uliongezwa, upi ulifutwa, lini na nani. Tena unashinda leja ya stoo kwa jambo moja: unaweza kuyarudisha mafaili jinsi yalivyokuwa jana, juzi au mwaka jana. Maharagwe yakishaliwa hayarudi!

Programu inayotumika sana kwa kazi hii ni Git. Ilianzishwa Aprili 2005 na Linus Torvalds, yule yule aliyeanzisha Linux. Wakati huo watengenezaji wa Linux walikuwa wakitumia programu ya kampuni moja, na kampuni ikaondoa ruhusa ya kuitumia bure. Torvalds hakukaa kulalamika, alitengeneza yake. Leo Git ni bure kwa kila mtu, hata kwa shule ya kutwa kama yetu.

Sasa tuje nyumbani. Walimu wetu hutuwekea maswali na muhtasari wa masomo katika Moodle, programu ya masomo iliyoanzia Australia na ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Mwaka jana, majuma mawili kabla ya mtihani wa majaribio, aliitwa fundi mmoja kuisasisha. Alikuja na flashi, akayamwaga mafaili mapya juu ya ya zamani, akapokea malipo akaenda zake. Siku ya pili ukurasa ulikuwa mweupe pe! Mafaili ya zamani na mapya yalikuwa yamechanganyika kama githeri, na hakuna aliyejua lipi ni la lini. Fundi alipopigiwa simu alisema hakumbuki alichobadilisha. Ndugu zetu wa kidato cha nne walifanya majaribio bila yale maswali. Mwenzetu wa bweni angeazima daftari la jirani yake usiku, lakini sisi wa kutwa saa kumi na moja tunashika njia kurudi nyumbani. Maabara ikifungwa, basi.

Kama Moodle ingekuwa imewekwa kwa Git, mambo yangekwendaje? Wenye Moodle wenyewe wanatoa mafaili yao kwa njia hiyo, na wanaeleza wasimamizi jinsi ya kuitumia. Mara ya kwanza unachukua nakala nzima kwa amri ya "git clone", kisha unachagua tawi la toleo unalotaka, kwa mfano MOODLE_405_STABLE, yaani toleo la 4.5 lililotoka mwaka 2024. Rekebisho likitolewa, unaweka akiba ya hifadhidata na ya mafaili yaliyopakiwa na walimu, unaandika "git pull", kisha unaendesha sehemu ya Moodle inayosasisha hifadhidata. Faili lililoondolewa katika toleo jipya linaondoka na kwako pia, halibaki likivizia. Na ukitaka kujua kama kuna mtu ameligusa faili bila ruhusa, "git status" itakutajia jina la faili hilo.

Isitoshe, kuna suala la kasi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarehe 15 Oktoba 2014, watengenezaji wa Drupal, programu nyingine ya kuendesha tovuti, walitangaza kasoro kubwa katika toleo la 7. Dawa yake ilikuwa kubadilisha mstari mmoja tu wa programu. Lakini tarehe 29 ya mwezi huo walitoa onyo: tovuti ya Drupal 7 ambayo haikuzibwa ndani ya saa 7 baada ya tangazo ichukuliwe kuwa imekwisha kuvamiwa. Saa 7, ndugu msomaji! Sisi tulimngoja fundi siku 9. Aliyetumia udhibiti wa matoleo angeweza kuuvuta mstari ule mmoja kwa amri moja, akaona kwa macho yake kilichobadilika, na kulala usingizi.

Wapo wanaopinga, nami nimewasikiliza. Wa kwanza husema nakala ya akiba kwenye flashi inatosha. Hapana. Akiba ni lazima, lakini haisemi nini kilibadilika wala kwa nini. Sisi tunaosoma somo la Kompyuta tunajua. Nani hajaona mradi wa KCSE ukiwa na mafaili manne, moja "mwisho", la pili "mwisho kabisa", la tatu "mwisho kweli" na la nne "hii ndiyo"? Sasa la kusahihishwa ni lipi?

Wa pili husema bando ni ghali. Hapo ndipo Git inapotufaa zaidi. Nakala ya kwanza ni nzito, sikatai. Lakini baada ya hapo inaleta tofauti tu, si programu nzima upya. Historia yote iko ndani ya mashine yenyewe, kwa hivyo mtandao ukipotea bado unaweza kuisoma na kurudi nyuma. Hata flashi ina kazi yake: kuna amri ya "git bundle" inayofunga mabadiliko katika faili moja, ukalibeba kutoka saiba hadi shuleni. Kwa hivyo siilaumu flashi. Ninachokilaumu ni kumimina bila kuandika.

Wa tatu husema hizi ni kazi za mafundi, watoto wakae mbali. Mimi sisemi kila mwanafunzi apewe nywila ya seva. La hasha! Nasema kazi ifanywe kwa njia ambayo mwalimu, fundi na mwanafunzi wote wanaweza kuisoma baadaye. Fundi hodari haogopi daftari.

Hata hivyo, dawa hii ina masharti yake. Kwanza, Git inarudisha mafaili ya programu, hairudishi hifadhidata. Moodle ikishasasisha hifadhidata haikubali kurudi toleo la nyuma, kwa hivyo bila akiba ya hifadhidata umekwama. Pili, nywila zisiingizwe katika kumbukumbu za Git, maana faili ukilifuta leo bado limo katika historia. Tatu, folda iliyofichwa iitwayo ".git" isionekane kutoka nje. Seva ikiiacha wazi, mtu baki anaweza kuichukua na kusoma historia yote. Asiyetaka kufuata masharti haya afadhali asianze.

Kwa nini nalipigia kelele jambo hili mwaka huu wa 2026? Kwa sababu sisi wa kidato cha tatu ndio wa mwisho katika mfumo wa 8-4-4. Tutafanya KCSE mwaka 2027, kisha hakuna kidato kingine nyuma yetu. Wanaotufuata ni Gredi ya 10, walioingia Januari. Hawakutukuta na kaka wala dada wa kidato cha pili wa kuwaachia siri za maabara. Wakirithi seva isiyo na kumbukumbu, watarithi fumbo. Wakirithi seva yenye kumbukumbu, wataisoma hatua kwa hatua kama kitabu, na mashairi ya waliotutangulia hayatapotea.

Kwa hivyo naomba mambo mawili kwa heshima. Walimu wetu wapendwa, fundi atakayekuja tena asilipwe kabla ya kuonyesha kazi yake katika kumbukumbu za Git. Na ninyi wenzangu wa Chama cha Kiswahili, tujitolee kuandika maelezo ya kila badiliko kwa Kiswahili, kwa maana Git haikatai lugha. Mathalan: "Nimeziba kasoro ya usalama. Akiba ya hifadhidata imewekwa kabla." Sentensi mbili tu, na Gredi ya 10 wataelewa.

Stoo ina leja. Ofisi ya karani ina leja. Hata maktaba ina daftari la vitabu vilivyoazimwa. Iweje seva, iliyobeba kazi zetu zote, iwe ndiyo peke yake isiyo na daftari?