Kompyuta kwa Kiswahili: Bahasha au Kabati Zima?

Safari hii safu yetu haikutoka darasani. Imetoka Matonge, mtaa wa Waafrika ulio hatua chache kutoka kituo cha metro cha Porte de Namur, ambako tulikaa Jumamosi nzima tukirekebisha kosa letu wenyewe.

Mnaijua programu ya chama ya kuazima vitabu. Ina matabaka matatu: hifadhidata, tabaka la kati linaloamua nani aazime nini, na ukurasa anaouona msomaji. Ukurasa huonyesha jina la mwanachama na kitabu alichonacho, basi. Lakini mwenzetu mmoja alipochungulia ndani ya kivinjari chake, alikuta seva inatuma objekti nzima ya mwanachama: namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, hata anwani ya nyumbani. Havikuonekana ukurasani, ila vilikuwa vimeshafika kwenye kompyuta ya kila aliyeufungua. Baadhi yetu bado tunasubiri vibali vya kuishi hapa, na wapo wasiotaka anwani zao zijulikane. Tuliona aibu.

Tulizipima njia tatu. Ya kwanza ndiyo tuliyokuwa nayo: kupitisha objekti ileile kutoka hifadhidata hadi juu. Msimbo huwa mfupi, lakini kila kipya unachoongeza kwenye hifadhidata hutoka nje bila wewe kujua. Ya pili ni kupitisha thamani mojamoja: jina, kitabu, tarehe ya kurudisha. Zikiwa tatu, sawa. Zikifika nane, utazichanganya. Ya tatu ni kuunda objekti ndogo ya kubebea data tu, yenye yale anayoyahitaji mpokeaji. Martin Fowler aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 2002, Patterns of Enterprise Application Architecture. Yeye shida yake ilikuwa gharama ya safari za mtandaoni: afadhali kubeba mengi kwa safari moja. Sisi tuliihitaji ili tubebe machache.

Mfano ulikuwa nje ya dirisha. Kwenye Chaussée de Wavre kuna maduka ya kutuma pesa. Ukitaka kumtumia mama pesa Bukavu, humpelekei karani kabati zima la nyaraka zako. Unampa kile fomu inachouliza.

Hapo mmoja wetu akataka kila tabaka liwe na bahasha yake. Tulibishana hadi chai ikapoa. Bahasha nazo zina gharama: kila moja inahitaji msimbo wa kunakili data, na badiliko dogo hukulazimu kugusa mahali patatu. Mwishowe tulikubaliana hivi: kati ya hifadhidata na tabaka la kati, yaliyo ndani ya programu moja, objekti ipite kama ilivyo. Data ikitoka kwenye seva kwenda kwa mtu, bahasha ni lazima. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data, inayotumika tangu Mei 25, 2018, nayo inataka data za watu zisizidi zile zinazohitajika kwa kazi husika.

Kuandika bahasha kulitufunza jambo jingine. Ilibidi tuulize, kwa kila kitu, nani anakihitaji. Tulipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa, hakuna aliyejua kwa nini tuliwahi kuiomba. Hatukuiacha nje ya bahasha tu. Tumeifuta hata kwenye hifadhidata. Na kwa wanachama ambao data zao zilitoka, tunaomba radhi.

Sasa swali kwa walimu wetu: objekti hii tuiite nani? Sisi tumezoea kusema bahasha. Mwenzetu wa Bukavu anapendelea kifurushi. Leteni hoja zenu kabla ya toleo lijalo.