Bibi Ana Wajukuu Watano, na Bado ni Mpweke



Kila mwaka ifikapo Desemba mabasi yaendayo mikoani hujaa watu. Familia zinarudi nyumbani kwa sikukuu ya Noeli, watoto wamevalishwa nguo mpya, na bibi kijijini ameshatenga kuku wa kuchinja. Januari mabasi hayo hayo hurudi mjini, lakini baadhi ya watoto hawamo. Wameachwa kwa bibi. Mmoja ameachwa kwa sababu mama yake amepata kazi ya zamu na dada wa kazi ameondoka. Mwingine ni kwa sababu wazazi wametengana, na mwingine ni kwa sababu gharama za mjini zimewashinda. Mara nyingi uamuzi wenyewe hufanywa usiku wa kuamkia safari, na maneno yanayotumika kumwambia mzee ni haya: "Tunakuachia mwenzio wa kukuchangamsha."

Mwezi huu tunapenda kuyazungumzia maneno hayo. Je, ni kweli kwamba mjukuu humwondolea mzee upweke na kumwongezea afya? Sisi tunaamini kwamba ni kweli, ila ni nusu tu ya ukweli. Nusu nyingine inawaumiza akina bibi wengi kimya kimya, na watoto wao hawajui kwa sababu hawaulizi.

Tuanze na ile nusu iliyo njema. Mzee anayeishi peke yake mara nyingi hapiki. Hunywa chai ya rangi, hula kiporo, akalala mapema kwa kuwa hakuna wa kuzungumza naye. Mletee mjukuu wa miaka saba, utaona moto unawashwa asubuhi. Uji unapikwa na mboga zinachumwa, maana mtoto hawezi kulala na njaa, na mzee naye anakula akiwa hapo hapo. Anatembea hadi shuleni kuulizia daftari lililopotea. Anasimulia hadithi, anakemea, anacheka. Kwa njia hiyo miguu inapata mazoezi na akili inapata kazi, hata yeye mwenyewe anajiona kuwa bado anahitajika. Hata babu, ambaye mara nyingi tunamsahau katika mazungumzo haya, huweza kufufuka akipata kijana wa kumfundisha kupogoa migomba au kukamua ng'ombe. Mwanamume aliyefiwa na mke asipopata shughuli ya namna hiyo huishia kukaa barazani tangu asubuhi hadi jioni.

Watafiti nao wameliona jambo hili. Mjini Berlin, Ujerumani, zaidi ya wazee 500 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea walifuatiliwa kati ya mwaka 1990 na 2009. Nusu ya wale waliosaidia kulea wajukuu mara kwa mara walikuwa bado hai miaka 10 hivi baada ya kuhojiwa mara ya kwanza. Kwa wale wasiosaidia watoto wao wala kulea wajukuu, nusu walikuwa wamefariki katika miaka 5 hivi. Ni kweli kwamba mzee mwenye nguvu ndiye anayepewa mtoto kwanza, kwa hiyo si sifa yote ni ya mjukuu. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Ila tusome kwa makini: wazee hao walikuwa wakisaidia tu. Wale waliokuwa walezi kamili, wanaoishi na mtoto na kubeba kila kitu, hawakuhesabiwa katika kundi hilo.

Sasa tazama upande wa pili. Huko Melbourne, Australia, wanawake 186 walipimwa uwezo wa akili, na matokeo yakatolewa mwaka 2014. Akina bibi waliokaa na wajukuu siku moja kwa wiki walifanya vizuri kuliko wengine. Waliokaa nao siku tano au zaidi walifanya vibaya katika baadhi ya vipimo. Nchini Marekani uchunguzi uliotolewa mwaka 2003, uliohusu wauguzi wanawake zaidi ya 54,000, ulionyesha kwamba waliolea wajukuu kwa saa 9 au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari ya kupata ugonjwa wa moyo kwa asilimia 55 zaidi ya wale ambao hawakulea. Saa 9 ni chache sana, pengine kwa sababu wauguzi wengi walikuwa na kazi nyingine pia. Kwa hiyo hatupendi mtu ashike tarakimu hizi kama amri. Tunachoona ni kwamba malezi ya wajukuu ni kama dawa: kijiko kimoja huponya, lakini chupa nzima kwa mara moja ni jambo jingine.

Na bibi wa kijijini kwetu hapewi kijiko. Anapewa chupa nzima.

Kwa nini mzigo huo unaleta ugonjwa? Kwanza ni usingizi. Mtoto mwenye homa huamsha nyumba usiku, na mwili wa miaka 68 haulipi deni la usingizi kama mwili wa miaka 28. Pili ni mgongo na magoti, kwa kubeba mtoto, maji na kuni. Tatu, na hili ndilo tunalolihofia zaidi, bibi huacha kujitibu. Mwenye presha au kisukari anatakiwa kwenda kliniki kila mwezi na kumeza vidonge kila siku. Lakini siku ya kliniki mtoto mdogo ataachwa na nani? Nauli ikipatikana, je, isitumike kununua sare? Basi anaruka mwezi mmoja, halafu miwili. Wengine hugawa kidonge nusu ili kifike mwisho wa mwezi, jambo ambalo ni la hatari. Presha haina kelele. Mtu anaweza kuwa na 180 kwa 110 akawa anapalilia maharage na kujisikia mzima, hadi siku anapoanguka kwa kiharusi. Siku hiyo wajukuu watano wanabaki bila mlezi, na yeye mwenyewe anahitaji kulelewa.

Upweke katika nyumba iliyojaa watoto

Watu hushangaa tukisema kwamba bibi mwenye wajukuu watano anaweza kuwa mpweke. Lakini hebu tufikiri. Mtoto wa miaka sita ni furaha, ila si mtu wa kumweleza habari za deni la duka, au maumivu ya kifua, au huzuni ya kumzika binti yako. Mzee anahitaji watu wa rika lake. Kabla ya kuletewa watoto alikuwa akienda jumuiya, kwaya, kikundi cha kuweka akiba, na kuhani misiba. Baada ya kuletewa watoto anaacha kimoja kimoja, kwa kuwa hana wa kumwachia nyumba. Majirani wanazoea kutomwona. Baada ya mwaka mmoja anayezungumza naye ni watoto tu, na sauti ya simu siku ya Jumapili inayouliza, "Mama, hamjambo? Watoto wanasoma?" Naye anajibu kwamba hawajambo.

Wanaoujua mzigo huu kuliko wote ni wazee wa mkoa wa Kagera. Huko ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walikotambuliwa mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata akina bibi wengi waliwazika watoto wao, kisha wakaanza upya kulea wajukuu. Walikuwa na kilio na kazi kwa wakati mmoja. Mwaka 2003 ulianzishwa huko Nshamba, wilayani Muleba, mradi uitwao Kwa Wazee, ambao uliwapa wazee kiasi kidogo cha fedha kila mwezi, na nyongeza kwa ajili ya wajukuu waliokuwa wakiwalea. Tathmini yake iliyotolewa mwaka 2008 ilipewa jina la chumvi, sabuni na viatu vya shule, kwa maana hayo ndiyo wazee waliyonunua. Nasi tunatilia mkazo jambo moja: waliopokea fedha hizo walikuwa na msongo mdogo wa mawazo kuliko wasiopokea. Mtu asiyelazimika kuomba chumvi kwa jirani kila jioni hulala vizuri. Pia anaweza kumtembelea jirani huyo bila aibu, na hapo upweke unapungua. Vilevile wazee hao walijiunga katika vikundi vya kusaidiana, ili mmoja akiugua wenzake wajue.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na vifo vya wazazi vikapungua sana. Lakini akina bibi hawakupata likizo. Siku hizi watoto wanaletwa na sababu nyingine, kama tulivyosema mwanzoni, na tofauti kubwa ni kwamba wazazi wa wengi wao wako hai, wana simu, na wana mishahara, hata kama ni midogo.

Wapo watakaosema kwamba hii ndiyo mila yetu: mjukuu wa kwanza hukaa kwa bibi, na wazee wenyewe ndio wanaomwomba. Hatukatai. Lakini mila hiyo ilikuwa na boma zima ndani yake. Palikuwa na shangazi, palikuwa na wake za wajomba, palikuwa na wasichana wakubwa wa kuchota maji na wanaume wa kupasua kuni. Bibi alikuwa msimamizi na msimuliaji, akikaa kwenye kigoda na kutoa amri. Leo hao wote wako Dar es Salaam, Mwanza na Arusha. Tumemwachia bibi mila, tukaondoka na watu walioibeba. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, nao hawakusema isipokuwa mkono huo ukiwa wa bibi.

Kabla ya kumwacha mtoto

Tunawaomba wazazi wanaofikiria kumpeleka mtoto kijijini wamuulize mzee mapema, akiwa peke yake. Ukimuuliza mbele ya mtoto na mabegi yako mlangoni hujamuuliza, umemwarifu. Mwulize pia ni mtoto wa umri gani anayemweza. Wengi watakwambia kwamba mwenye miaka minane ni msaada, na mwenye mwaka mmoja na nusu ni adhabu. Kubalianeni kiasi cha fedha na tarehe ya kutuma, na kiasi hicho kiwe na fungu la bibi mwenyewe, la nauli ya kliniki na la dawa, lisilochanganywa na la daftari. Acha na kadi ya kliniki ya mtoto, cheti cha kuzaliwa na kadi ya bima kama ipo. Mpime presha kabla hujaondoka. Ikiwa ni 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia siku nyingine, apelekwe zahanati kwanza. Suala la mtoto lisubiri. Akiwa na miaka 60 au zaidi na hana uwezo, sera ya nchi inampa haki ya kutibiwa bila malipo, na halmashauri nyingi zimetoa vitambulisho kwa ajili hiyo. Dawa hukosekana mara nyingi, tunajua, lakini kitambulisho ni bora kiwepo. Miwani ya kusomea nayo ni ya lazima, maana ndiye atakayesoma maelezo kwenye chupa ya dawa ya mtoto.

Zaidi ya yote apate mapumziko. Shule zikifungwa, watoto waende kwa wazazi wao au kwa mjomba, angalau wiki mbili. Na siku mtakapotaka kumchukua mtoto moja kwa moja, msimchukue kama mnavyochukua gunia la mchele. Mwambieni bibi miezi kadhaa kabla, kwa sababu tumeona wazee waliodhoofika, wakaacha kula, baada ya nyumba kunyamaza ghafla.

Wanajumuiya nao wana sehemu yao, wala haihitaji fedha nyingi. Mama mmoja anaweza kukaa na watoto siku ya kliniki ya bibi. Sala ya jumuiya inaweza kufanyika nyumbani kwake, badala ya kumlaumu kwa kutokuja. Vijana wanaweza kumchotea maji Jumamosi. Wakifika huko wachunguze kwa busara: je, amekonda? Je, anasahau chungu motoni? Je, analia ovyo, au anasema mara kwa mara kwamba amechoka kuishi? Maneno hayo ya mwisho yasichukuliwe kuwa ni uzee tu. Huzuni nzito ni ugonjwa, una matibabu, na apelekwe kwa mganga.

Nawe uliye mjini, ukipiga simu Jumapili hii, usianze na habari za shule. Mwulize mama yako usiku wa jana amelala saa ngapi, mara ya mwisho kwenda kliniki ilikuwa tarehe ngapi, vidonge vimebaki vingapi, na tangu Jumapili iliyopita amekaa na mtu mzima gani wakazungumza.