AFYA SI BIDHAA YA SOKONI

Wananchi wa Mbozi, twasema wazi. Mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku hospitali za kutafuta faida. Za dini zikaachwa ziendelee. Mwaka 1991 wafanyabiashara wakafunguliwa mlango tena, na mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia matibabu katika hospitali za Serikali. Sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 yamtaka kila mkazi awe na bima. Jambo hilo ni jema. Lakini bima hiyo itashikwa na nani?

Kampuni hutafuta faida: humpenda kijana mwenye mshahara, humkwepa mzee mgonjwa. Mfuko wa umma huwachanganya wote, mzima akamchangia mgonjwa.

Mkulima wa kahawa hapa Mbozi Mission hushika fedha baada ya mauzo. Maradhi hayangoji msimu. Basi kila tawi liitishe mkutano, limwite diwani na mbunge, liwaulize: Mfuko wa umma utalindwa vipi? Mkulima ataruhusiwa kulipa baada ya mavuno? Asiyejiweza atalipiwa na nani? Majibu yaandikwe, yasomwe hadharani. Haki haidaiwi kwa kunong'ona.